Kabla Hujamfungia Mwanao Begi la Uchina

Ikifika Agosti, mtaa wetu wa Ngamiani hapa Tanga huwa na pilikapilika za namna yake. Barua za ufadhili zimeshatoka, viza zinafuatiliwa Dar es Salaam, na nyumba yenye kijana anayekwenda kusoma Uchina utaijua kwa begi lililofunguliwa sebuleni. Kila anayepita kuaga anatia kitu. Huyu kaleta kisamvu kilichokaushwa, yule kaleta pilipili ya kusaga, shangazi mtu kaleta achari ya embe, na bibi kaagiza unga wa muhogo ili mjukuu wake asikose bada huko aendako. Muhula wa kwanza kule unaanza Septemba, hakuna muda wa kutafakari. Begi linajazwa, linapimwa, linapunguzwa, linajazwa tena.

Kwa kuwa watu wa mtaani wanajua nilisoma shahada ya uzamili Xi'an, wazazi hunijia. "Mwanangu, wewe umekaa kule. Nimfungie nini huyu asife njaa?" Huwa nawaomba wakae kwanza, maana jibu langu si fupi. Nimeona niliandike hapa kwa ajili ya wote ambao begi lao bado liko wazi. Ninachoamini ni hiki: watoto wetu wakifika kule chakula wanakizoea. Kinachowaangusha ni kula peke yao, na hilo halina dawa ndani ya begi.

Tulimalize kwanza begi lenyewe. Forodha ya Uchina hairuhusu abiria kuingia na nyama, matunda mabichi, mboga mbichi wala mbegu, kwa hiyo machungwa ya Muheza ayale hapa hapa mpaka siku ya safari. Mdalasini, karafuu na bizari nyembamba asibebe, kule zimejaa. Iliki abebe, hii yetu ya kijani, maana madukani kule utakuta zaidi ile kubwa ya rangi ya kahawia, ambayo harufu yake ni nyingine kabisa. Mafuta ya nazi ya kujipaka abebe pia, ila ajue kuwa ikiingia baridi yataganda chupani, na itabidi ayaweke karibu na bomba la kupasha joto chumba ndipo yamiminike. Baridi ya Januari kule inashuka chini ya sifuri na hewa ni kavu mno; midomo inapasuka, mikono inakuwa myeupe. Mafuta hayo yatamsaidia kuliko unga wa bibi. Basi, nafasi iliyobaki ni ya nguo na vitabu.

Xi'an ni mji mkuu wa jimbo la Shaanxi, katikati ya nchi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kwa mtu aliyekulia Tanga hilo pekee ni jambo la kuzoea. Hakuna upepo wa jioni wa kutokea Raskazone, na hakuna mtu anayekwenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri akarudi na changu au kibua. Samaki wa kule ni wa mtoni na wa mabwawa, wanauzwa wakiwa hai ndani ya matangi ya maji, na miiba yao midogo imetapakaa nyama nzima. Wenyeji wanajua kuitenganisha kwa ulimi. Sisi tuliozoea kukamata mfupa mmoja wa katikati na kuuweka kando, inabidi tule polepole sana.

Shaanxi ni nchi ya ngano. Wali upo, lakini chakula chenyewe cha watu ni unga wa ngano kwa kila sura: mkate mweupe uliopikwa kwa mvuke, mkate wa kuchoma unaopasuliwa na kujazwa nyama, na tambi, tambi, tambi. Hapo ndipo ulimi wa pwani unaposhtuka. Kwetu tambi ni kitu cha futari. Zinakaangwa kidogo, zinatiwa tui, sukari, iliki na zabibu kavu, na zinakaa kwenye sinia pamoja na kaimati na mhogo wa nazi. Kule tambi ni za chumvi, siki na pilipili, asubuhi, mchana na jioni. Kuna zile pana ambazo wenyeji wenyewe wanazifananisha na mkanda wa suruali. Mpishi anashika donge, analivuta kwa mikono miwili, analipigiza juu ya meza mara kadhaa huku linarefuka, kisha analitupa kwenye maji yanayochemka. Zikiiva zinatiwa bakulini, juu yake pilipili kavu iliyosagwa na kitunguu saumu, halafu anamimina mafuta yaliyopata moto mpaka yanatoa mvuke. Unasikia mlio, na harufu inakupanda kichwani kabla hujashika vijiti. Mimi nilizipenda mapema. Wenzangu wengine wa nyumbani walikaa mwaka mzima wakizitazama kwa mbali, na siwalaumu, ulimi una kumbukumbu zake.

Asubuhi kantini kuna uji wa mchele, na hapo mgeni wa kutoka Tanga anafurahi anapouona, halafu anaonja. Hauna sukari, hauna ndimu, hauna pilipili manga. Unaliwa pamoja na mboga zilizosindikwa kwa chumvi. Kuna maziwa ya soya ya moto, kuna mayai yaliyochemshwa kwenye majani ya chai, kuna andazi refu lisilo na sukari. Maji ya kunywa ni ya moto mwaka mzima, kila mtu na chupa yake ya kuhifadhi joto. Hili la maji ya moto mimi nimerudi nalo Tanga, na sina mpango wa kuliacha.

Wazazi wengi wa hapa wanauliza kuhusu halali, na wana haki ya kuuliza. Xi'an ni mahali pazuri kwa hilo. Wapo Waislamu wa kabila la Wahui ambao wameishi mji ule kwa karne nyingi, wana mtaa wao mkongwe, na ndani yake uko Msikiti Mkuu, wa mbao na vigae, wenye nyua zinazofuatana na miti iliyozeeka, bila mnara wa aina tunayoijua sisi. Migahawa yao utaitambua kwa kibao, mara nyingi cha kijani, chenye neno la Kichina la halali; maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa pembeni yake sehemu nyingi yameshaondolewa. Vyuo vingi vina kantini au dirisha maalumu kwa ajili yao, na mwanafunzi Mwislamu anakula humo bila wasiwasi. Anachopaswa kuambiwa mapema ni kwamba kwenye madirisha ya kawaida hata mboga za majani zinaweza kuwa zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kusema "mimi nakula mboga tu" hakutoshi.

Fedha si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Ufadhili wa serikali ya Uchina unampa mwanafunzi wa uzamili yuani 3,000 kwa mwezi, wa shahada ya kwanza 2,500, juu ya ada na malazi, na chakula cha kantini ni cha bei nafuu. Mwenye ufadhili huo anashiba. Nalisema hili kwa sababu nimeona wazazi wanauza vitu ili wamtumie fedha za kula mtoto ambaye tayari anazo.

Sasa nifike kwenye ninachokitaka.

Hapa kwetu mtu hali peke yake ila kwa bahati mbaya sana. Ukipita nyumba ya watu wakati wa kula unaitwa, "Karibu tule," na ukikataa unabembelezwa. Wanaume wanazunguka sinia, watoto wanazunguka sinia, akina mama wanabaki jikoni na sinia yao na mazungumzo yao. Ramadhani ndiyo kabisa, sinia zinatoka barazani na mpita njia anafuturu. Kijana aliyekulia humo hajawahi kufikiria kwamba kula kunahitaji kutafutiwa watu. Watu wapo tu.

Halafu anafika kantini ya chuo. Kila mtu ana trei yake ya chuma yenye vyumba: chumba cha wali, chumba cha mboga, chumba cha nyama. Anaketi, anaegemeza simu kwenye bilauri, anatazama video, anamaliza, anarudisha trei, anaondoka. Pembeni yake wako maelfu ya watu. Hakuna aliyemkosea, ndiyo namna ya kula ya mwanafunzi mwenye vipindi vingi. Lakini kijana wetu anarudi chumbani na kitu kimemkaba kifuani, na akipiga simu nyumbani anasema, "Mama, chakula cha huku hakiliki." Mama analia, anatuma unga.

Nilimfahamu kijana mmoja wa pwani ya kwetu, kichwa kizuri darasani, ambaye alifika na mabegi yaliyojaa. Alisonga ugali wake chumbani, akala dagaa wake, siku baada ya siku, mlango umefungwa. Hakuwa na njaa hata siku moja. Lakini kila tulipokutana sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi, na akawa anakosa vipindi vya asubuhi. Tulianza kumgongea mlango tukamtoa, wakati mwingine kwa nguvu ya undugu, tukaenda naye kula mitaani. Alipata nafuu. Namkumbuka kila nionapo begi limefurika unga, na ndiyo maana nasema kwa uchungu.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka ni kwamba Wachina nao, wakiwa nje ya kantini, wanakula pamoja. Ukialikwa mgahawani, vyakula vinawekwa katikati ya meza ya duara na kila mtu anachukua humo humo. Mwenyeji wako anakuchagulia kipande kizuri anakiweka kwenye bakuli lako, kama shangazi yako anavyokusogezea mnofu. Watu wanagombea kulipa. Hapo mtu wa Tanga anajikuta yuko kwao, ila vidole vimebadilishwa na vijiti.

Mimi nilianza kupaelewa Xi'an kwenye chakula kiitwacho paomo. Mwanafunzi mwenzangu, Mhui, alinipeleka kwenye mgahawa mdogo mtaa wa Waislamu. Unakaa, unapewa bakuli kubwa tupu na mikate ya ngano ya mviringo, minene na migumu. Kazi ya kwanza ni yako mwenyewe: unaumega ule mkate kwa vidole, vipande vidogo vidogo sawa na punje za soya, mpaka mkate wote uishie bakulini. Kazi hiyo inachukua muda, na hakuna anayeiharakisha. Meza nzima inamega huku inazungumza: bei za vitu, mgonjwa wa fulani, mtoto wa fulani anayeoa. Ukimaliza, bakuli linachukuliwa pamoja na kibao chenye namba, ili lirudi kwako na si kwa mwingine. Jikoni linapikwa kwa supu ya kondoo. Linaporudi limejaa mkate uliokunywa supu bila kuvurugika, minofu, uyoga mweusi, tambi nyembamba zinazong'aa, na pembeni vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari. Hulikorogi. Unaanza ukingoni, unakwenda taratibu kuelekea katikati.

Siku ile alikaa mkabala nami mzee mmoja mwenye kofia nyeupe. Kichina changu kilikuwa cha salamu tu. Aliangalia mikono yangu, akachukua kipande kimoja bakulini mwangu, akakigawa mara mbili kwa ukucha, akanionyesha ukubwa unaotakiwa, kisha akaendelea na maongezi yake. Hakutabasamu sana wala hakuniuliza natoka nchi gani. Alinichukulia kama mtoto aliyeketi mezani pake ambaye anapaswa kuelekezwa. Tangu nipande basi stendi ya Kange sikuwa nimetendewa hivyo na mtu yeyote, na chakula kile, ambacho hakina nazi wala ndimu, kilinishuka vizuri. Baada ya hapo nikawa nakwenda Ijumaa baada ya swala. Mwenye mgahawa akanizoea, nikikosa wiki ananiuliza nilikuwa wapi.

Kwa hiyo mtoto wako akifika, atafute mlango mmoja wa kula ambapo watamjua kwa sura. Si lazima uwe mgahawa. Anaweza kuwa yule mama wa dirisha la kantini ambaye wanafunzi wote wanamwita shangazi kwa Kichina chao, ambaye ukimsalimia kwa jina hilo kila siku anaanza kukujazia kijiko zaidi.

Na hapa nyumbani, kabla hajaondoka, mfundishe kupika. Nalisema kwa mkazo zaidi kwa wenye watoto wa kiume, maana wengi wao wanapanda ndege hawajui hata kukaanga kitunguu. Mabweni ya wageni kule aghalabu yana jiko la pamoja kwa kila ghorofa, la umeme, na jiko hilo ndilo baraza la ugenini. Lakini asifundishwe mapishi yanayotaka vitu vya soko la Mgandini tu. Afundishwe mkono: kujua kitunguu kimeiva lini, chumvi inatiwa lini, mchuzi unapunguzwaje. Mwenye mkono anapika kwa kilichopo.

Na vilivyopo ni vingi kuliko tunavyodhani. Unga wa mahindi upo, wa njano. Wazee wetu waliokula unga wa yanga hawatashangaa. Maharage makavu yapo. Tui la boksi linaagizwa kwa simu, ila asome maelezo vizuri, kwa sababu vinywaji vya nazi vyenye sukari vinauzwa karibu nalo. Bamia zipo. Na kiangazi kikifika, mama wauza mboga wanapanga mafungu ya mchicha. Ni mchicha kweli kweli, mwingine wa kijani, mwingine wenye doa jekundu katikati ya jani. Wao wanaukaanga haraka kwa kitunguu saumu, na ule mwekundu unatoa maji ya rangi ya zambarau yanayopaka wali wote. Mimi niliuchukua nikautia tui, kitunguu na nyanya kidogo. Mchicha ule mwekundu na tui ulitoa mchuzi wa waridi ambao sijawahi kuuona Tanga, na ladha ilikuwa ya jikoni kwa mama yangu.

Jioni hiyo binti mmoja kutoka Kazakhstan alikuwa anapika upande wa pili wa jiko, wali wa nyama ya kondoo na karoti. Tulipeana sahani. Nilipoonja wali wake nikaona ni pilau iliyokosa kitu, nikaenda chumbani nikaleta iliki, nikampa punje chache za kutia mara nyingine. Toka hapo jiko letu likawa na siku yake. Mwenzetu wa Pakistani alileta dengu, sisi wa Tanzania tulileta maharage ya nazi, na Wachina waliokuja kututembelea wakatufundisha kufinya vile vijifuko vya unga vinavyotiwa nyama na karoti ndani. Tulikula kwenye sufuria moja kubwa iliyowekwa juu ya magazeti, kila mtu na kijiko chake.

Kipindi kigumu kuliko vyote nikitaje wazi, ili mzazi ajipange: sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, ambayo huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Chuo kinakuwa kitupu. Wanafunzi wenyeji wanakwenda kwao, wauza vyakula wanakwenda kwao, kantini inabaki na dirisha moja au inafungwa. Ndiyo miezi ya baridi kali, giza linaingia mapema, na mitaani aliyebaki ni yule muuza viazi vitamu vilivyochomwa kwenye pipa. Ukinunua kimoja unakishika kwa mikono miwili kupata joto kabla ya kukila. Watoto wetu wengi huvunjika moyo wiki hizo. Mwenye rafiki mwenyeji huenda akaalikwa nyumbani kwao, na akialikwa asikatae kwa haya. Mwenye jiko lenye watu atapika nao. Aliyejifungia na unga wake, hizo ndizo wiki za kumtafuta.

Na sisi tuliobaki Tanga tuna sehemu yetu. Programu nyingi za simu tunazozitumia hapa kule zimefungwa, kwa hiyo wekeni WeChat kwenye simu ya nyumbani kabla hajasafiri, na ijaribuni mkiwa wote hapa. Uchina nzima inafuata majira ya saa ya aina moja, na iko mbele yetu kwa saa tano. Mzazi anayesubiri amalize shughuli, aswali isha, ndipo apige saa mbili usiku, anampata mtoto saa saba usiku wa manane, amelala au amechoka, na maongezi yanakuwa ya malalamiko. Mpigieni saa saba mchana, mkiwa mezani kwenu. Kule ni saa kumi na mbili jioni, wakati wa chakula cha usiku. Mwacheni ale huku mnazungumza. Msimuulize tu amekula nini, muulizeni anakula na nani, na kama kuna mtu pembeni yake, mwambieni ageuze simu mumsalimie.